X Nyekundu Ukutani kwa Tata

Heri niwaambie mwenyewe kabla tata yangu, yaani shangazi, hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi: niliwahi kukaribia kuhamisha watu wa mstari mzima wa nyumba, mimi ambaye sina hata chumba.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo, sina kazi, nimeahidiwa kamera na jamaa wa video za harusi pale Thika, na nilitaka kutengeneza filamu kuhusu shida ya nyumba. Kilichoninyima usingizi ni hiki: nichore X nyekundu ukutani kwa tata kule Gitothua, kama zile kanjo, askari wa baraza la mji, huchora kwenye nyumba za kubomolewa, au nisichore? Bila X nani angeamini? Na nikiwaonya majirani, si wataigiza vibaya? (Nilikuwa nimesoma mambo ya uhalisia, msiniulize.) Asubuhi, tata akiwa sokoni, nikachora, kisha nikaenda Thika kuchukua kamera.

Kurudi, mawingu yametanda na vitu vyote viko nje, magodoro, sufuria, kuku ndani ya katoni, kwa sababu nyumba zile za mabati zimeshikana, na ikibomolewa moja zinafuata zote. Mama Shiru, jirani wa tata, alikuwa juu ya paa alilojijengea mwenyewe, aking'oa mabati ayaokoe kabla tingatinga halijafika. Nikawasha kamera. Ndiyo picha niliyoiota.

"Haiya, kijana wa digrii!" akaniita kutoka juu. "Weka hicho kidude uje ushike bati, ama umekuja harusi?"

Tone la kwanza la mvua likaangukia godoro lake. Nikazima kamera.

"Mama Shiru, hiyo X si ya kanjo. Ni yangu."

"Yako ya nini?"

"Ya filamu."

"Ngai!" Akanitazama, akatazama mawingu, akanitupia nyundo. "Panda."

Nikapanda na suruali yangu ya mahafali, nikayapigilia tena yale mabati huku mvua ikininyeshea na watu wakinielekeza wote kwa pamoja, hadi tata akatokea na kikapu chake.

"Huyo fundi mbaya hivyo ni wa nani?"

"Ni wako!" majirani wakajibu.

Kesho yake nilisugua ile X mpaka ikatoka, nikabisha kila mlango, nikaeleza filamu ni ya nini na kuomba ruhusa. Mama Shiru alikubali kwa sharti moja.

"Ianze na wewe huko juu. Bati lako linavuja."

Nikampa kamera, nikapanda.