Kitambaa Kipya cha Shabaha

Wifi yangu tunamwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Ni fundi wa makochi, na ndiye anayetengeneza shabaha za klabu ya upinde wa mtambo, ule unaofyatuliwa kama bunduki. Hushindilia matambara kwenye gunia mpaka ukilipiga ngumi unaumia wewe. Kwanza hukata vifungo na zipu zote, maana mshale ukigonga chuma hurudi ulikotoka. Gunia likichakaa katikati, yeye halitii kiraka hata ukimpigia magoti. Hulipasua akalijaza upya.

Mumewe, kaka yangu, hupenda vitu vipendeze. Siku binti yao aliposhindana mara ya kwanza, wifi alikwenda karakana kuchukua gunia jipya. Kaka akaona aibu wageni walione lile kuukuu lililotundikwa, lililotoboka katikati na kumwaga matambara yake. Akalivika kitambaa cha bluu, kisha akazunguka nyuma ya shabaha kuosha vikombe vya wageni. Tuta la udongo la kuzuia mishale lilikuwa limemegwa na mvua, na mahali pake zilisimamishwa mbao nyembamba tu.

Wifi aliporudi na gunia kwenye mkokoteni, binti alikuwa mstarini, upinde umevutwa, mshale umekaa. Wifi akaiona ile bluu. Akajua papo hapo kuwa ndani ni tupu.

"Wifi, kaka yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Nyuma ya mbao, anaosha vikombe."

Nilipojisikia nikisema hivyo, ndipo nilipoelewa. Tukimwita atachungulia, na mtu akichungulia hutanguliza kichwa. Tukimpigia binti kelele, kidole kitashtuka. Na mstari hauvukwi upinde ukiwa na mshale.

Wifi akasogea nyuma ya mwanawe, akasema kwa sauti tulivu ya jikoni, "Mwanangu, toa kidole. Elekeza chini."

"Mama, ni zamu yangu!"

"Najua. Toa kidole."

Watu wakaanza kunung'unika. Mtoto midomo ilimcheza, machozi yakamlenga. Kidole kikatoka polepole, upinde ukainama.

Lakini upinde uliovutwa haurudishwi hivi hivi, lazima upige kitu. Wifi alilaza gunia jipya chini, kando, akarudi nyuma ya binti. "Piga hili."

Mshale ukazama, ukanasa.

Ndipo wifi alipovuka mstari. Akasukuma ngumi kwenye ile bluu, mkono ukapita mpaka begani, vidole vikagonga mbao.

"Nani anabisha hodi?" kaka akauliza kutoka upande wa pili. "Vikombe bado!" Akachungulia kando ya mbao, povu mikononi, anacheka. "Aa, mke wangu! Umekionaje kitambaa?"

Wifi alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akakivutia kifuani, akalia. Mkono wa pili ulikuwa bado ndani ya shabaha.