Mpiga Kioo wa Ifakara

Watu wa Ifakara walimwita Mpiga Kioo, na jina hilo hawakulitamka kwa upendo.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Kelestini. Alikuwa kijana wa Kindamba, mwembamba, mwenye mikono mirefu, aliyefundishwa kusoma na mapadri wa Mahenge. Wajerumani walipotaka habari zao zikimbie kuliko miguu ya tarishi, walisimamisha mnara wa magogo kwenye mwinuko nje ya mji. Juu yake wakaweka kioo chenye miguu mitatu, na nyuma ya kioo wakamweka Kelestini. Kazi yake ilikuwa kulishika jua. Mwanga ukimetameta kusini, kwenye milima ya Mahenge, aliusoma herufi kwa herufi. Kisha aligeuza kioo na kuzirudia herufi zilezile kuelekea kaskazini, ambako mwenzake alikuwa akingoja katika kambi ya askari chini ya milima ya Udzungwa. Amri ziliandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa wapiga kioo wa njia hiyo walikuwa wenyeji. Habari ambayo tarishi angeihangaikia siku mbili, yeye aliipitisha kabla ugali haujaiva.

Aliipenda kazi hiyo, na sioni sababu ya kumfichia. Ukiwa na miaka ishirini na ushee, ukasimama juu kuliko kila mtu, mto mzima umelala mbele yako na jua liko mkononi, utaipenda tu.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Baba yake alikunywa dawa, akaenda Mahenge pamoja na wenzake, akaanguka mbele ya bombomu, ile bunduki ya mfululizo ya boma. Siku hiyo hiyo Kelestini alikuwa mnarani, akipitisha habari za wale waliomuua.

Tangu hapo mama yake hakumwitikia salamu. Hakumfukuza wala kumtukana. Chakula alimwekea. Lakini kila asubuhi Kelestini alipoinama mlangoni kwake na kusema, "Shikamoo, mama," yule mama aliendelea kupepeta kana kwamba amepita kuku. Mwaka mzima ulikwisha hivyo.

Wakubwa walitangaza kwamba vita vimekwisha. Vilikwisha kwa nani? Askari waliacha kuwapiga watu risasi, wakaanza kuyapiga maghala moto. Kijiji kikishindwa kwa bunduki, kingemaliziwa kwa njaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali. Kwa hiyo mpunga wa mwaka ule ulipovunwa, watu waliuficha katika mabanda ndani ya matete mabichi ya majini, karibu na kivuko, wauvushe kidogo kidogo mpaka ng'ambo, upande wa Lupiro. Mitumbwi ilikuwa michache, maana mingi ilikwisha kuchomwa. Kazi ilihitaji siku mbili zaidi, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa hazipo.

Asubuhi moja ya kiangazi Mahenge ilianza kumetameta. Kelestini alisoma: KAMBI NZIMA ISHUKE LEO. MPUNGA UMO MATETENI KARIBU NA KIVUKO. CHOMENI WOTE.

Akajibu kwamba amesoma. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, kwa mazoea.

"Wamesema nini?" aliuliza ombasha Feruzi kutoka chini. Feruzi alikuwa askari wa cheo kidogo wa kutoka mbali, aliyewekwa pale kuhakikisha kwamba kioo hakilali. Kusoma hakujua, lakini macho alikuwa nayo.

"Wanatusalimu."

"Salamu ndefu hivyo?"

"Ni watu wa adabu, afande."

"Basi na wewe wasalimu wa Udzungwa. Upesi. Bwana Mjerumani amekwenda kuwinda viboko, na akirudi sitaki maneno."

Kelestini akaanza kuifungua na kuikaza miguu ya kioo, akilalamika kwamba umande umeilegeza. Wakati huo alifika Justa, mkewe, na chungu cha samaki kichwani. Kelestini akashuka mpaka katikati ya ngazi, akazungumza naye kwa Kindamba, ambacho Feruzi hakukijua.

"Nenda kwa mama. Mwambie awashe mbuga sasa hivi. Wameujua mpunga ulipo."

Justa alishtuka, lakini hakukitikisa chungu. "Awashe leo? Nyasi za kuezekea bado hazijakatwa. Mbuga ikiungua sasa, masika watu watalala kwenye mvua."

"Watanyeshewa wakiwa wameshiba."

Katika nchi ile mbuga haichomwi na yeyote anayetaka. Kwanza watu hukata nyasi za mapaa, kisha moto wa kwanza wa mwaka huwashwa na nyumba moja yenye haki hiyo, ndipo wengine wafuate. Nyumba hiyo ilikuwa ya baba yake Kelestini. Baba alipokufa, haki ilibaki kwa mama.

"Akiniuliza nani kasema?" Justa aliuliza.

"Mwambie ni mimi."

"Akisikia ni wewe, hatawasha hata kuni za jikoni."

"Mwambie, basi, ni mtoto wa mumewe."

"Mnasemaje nyie?" Feruzi alifoka. "Semeni Kiswahili!"

"Namwambia chumvi imekwisha, afande," Justa alijibu. "Unayo utugawie?"

"Mwanamke huyu ana mdomo!"

"Ninao, afande. Chumvi ndiyo sina."

Akaondoka bila haraka, na haraka yake ilianzia pale mti wa mwisho ulipomficha.

Kelestini alirudi juu. Alifuta kioo, akakifuta tena. Alisema jua limekaa vibaya. Mwishowe Feruzi alichoka, akapanda ngazi na bunduki yake, akanyoosha kidole kaskazini. Kioo cha Udzungwa kilikuwa kikimetameta bila kupumzika: kuna nini? kuna nini?

"Mimi si kipofu," alisema Feruzi. Mdomo wa bunduki ukagusa mbavu za Kelestini. "Piga."

Akapiga. Akapeleka KAMBI. Akasubiri jibu. Akapeleka NZIMA, kila herufi akiivuta kama mtu avutaye gogo. Huko chini mbuga ilikuwa kavu, ya kahawia, tulivu, bila hata uzi wa moshi. Alijiambia kwamba mama amekataa. Na kwa nini asikatae? Mwaka mzima amemwona mwanawe akiwamulikia adui njia.

"Endelea!"

Neno lililofuata lilikuwa ISHUKE. Kelestini aliitazama mikono yake mirefu, akaiondoa kwenye kioo na kuifumbata kifuani.

"Afande, kama ni kuua, niue. Hili neno silitoi."

Ndipo Feruzi aliponusa. Aligeuka. Moto ulikuwa umesimama upande wa kivuko, mrefu, ukilia kama mvua inayokuja, na upepo ulikuwa ukiusukuma moshi wake moja kwa moja juu ya mji. Kabla ombasha hajamaliza kutukana, kioo cha Udzungwa kilififia, kikawa doa, kisha hakikuonekana. Mahenge nayo ikapotea. Jua likawa jekundu, dogo, lisilofaa kitu.

Chini ya moshi ule watu walikuwa wakivusha mpunga huku wakikohoa.

Jioni bwana alirudi, machozi yakimtoka, na nyuma yake askari wawili walikuwa wamemshika mama yake Kelestini. Nguo yake ilinuka majani yaliyoungua.

"Nani ameamuru moto huu?" bwana aliuliza.

"Mbuga naiwasha mimi kila mwaka," alisema mama.

"Baada ya kukata nyasi! Nimekaa nchi hii, usinifanye mjinga."

"Niliamuru mimi," Kelestini alisema.

Mama akamgeukia kwa ukali. "Mwongo mkubwa! Tangu lini mtoto akamwamuru mama yake?"

Watu waliokusanyika wakacheka. Hata askari mmoja kati ya wale wawili akainamisha uso kuficha meno.

"Basi niliomba," Kelestini alisema, na sauti yake ilifika kwa wote. "Nilisoma amri ya kuchoma chakula cha watu. Nikaomba moshi, nikapewa."

Hasira yote ya bwana ikamhamia yeye. Mama alisukumwa pembeni, na Kelestini akalazwa chini, akapigwa khamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, hapo hapo, mbele ya mnara.

Mbuga iliwaka siku mbili. Ya tatu ikapambazuka nyeupe, safi, na kusini Mahenge ilikuwa ikimetameta kama mwendawazimu. Hakuna mwingine Ifakara aliyeweza kuisoma. Walimburuta mpaka kwenye ngazi, wakaushika mkono wake na kuuweka juu ya gogo la kwanza.

"Panda," bwana alisema.

Kelestini aliuondoa mkono. "Sipandi."

"Utapigwa tena!"

"Nipigeni. Mgongo wangu haujui kusoma."

Walimpiga tena, na hakupanda. Wakamfunga mnyororo pamoja na wengine ili wapelekwe Morogoro kubeba kokoto za reli. Huko, miaka michache baadaye, msimamizi alipata habari kwamba mfungwa huyu anajua ishara, akamwahidi viatu na kofia kama angekubali kusimamia mikono ya chuma inayoruhusu gari la moshi kupita. Kelestini alimwuliza gari hilo limebeba nini. Akaambiwa limebeba pamba ya shuruti, na askari. Akainama, akaokota karai lake la kokoto.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile ya kuondoka Ifakara, mnyororo ulisimamishwa chini ya mnara, na mama yake akaja akipita katikati ya askari kama anayepita shambani kwake. Mkononi alikuwa na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba. Nyuma yake ilionekana mbuga nyeusi tupu, isiyo na unyasi wa kuezekea hata kibanda cha kuku.

Kelestini aliinama kwa kadiri mnyororo ulivyomruhusu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba!" alijibu, kwa sauti ambayo bwana aliisikia kutoka ndani ya hema lake. "Marahaba, mwanangu. Kula. Mpunga wote umevuka."