Pijama ya Hamadi Isiyotoa Miguu

Kama unakaa Gitega na haujawahi kupokea audio ya Hamadi kwa WhatsApp, Mungu anakupenda. Sisi wa Magarama tumeshapokea. Ziko ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa, na mwisho wake hauna ata dua.

Hamadi alilelewa na shangazi yake, Ma Amisa, fundi wa kushona. Ukiona mutoto wa shule pale Mushasha na sketi yake imekaa sawa, ujue imetoka kwa Ma Amisa. Hamadi amekulia chini ya meza ya mashine yake ya kushona. Ungefikiri alijifunza kitu. Alijifunza kuokota vifungo.

Mbele ya pijama kulikuwa mambo mengine. Kulikuwa kofia ya kuchaji simu na jua: kichwa kilichajika, simu hapana. Kisha kukaja koti ya mvua ya mbuzi. Mbuzi aliivaa asubuhi, saa ya chakula akaila. Na kila mara Hamadi anaweka statut kwa WhatsApp: «Bientôt, inakuja. Watu hawako tayari.» Ni kweli, hatukuwa tayari. Mbuzi peke yake ndiye alikuwa tayari.

Bon. Mwaka huu macho ya Ma Amisa yakaanza kuchoka. Kutia uzi kwa sindano ni lazima aite mutu. Akaita Hamadi na Kulthumu, binamu yake, musichana anayeshona laini iliyonyooka na hapigi kelele.

«Kulthumu anajua kushona, hiyo iko wazi,» akasema. «Lakini hii mashine ilikuwa ya marehemu baba yako, Hamadi, mbele ya kuwa yangu. Ndio maana nakupa nafasi moja. Shona kitu kimoja, mutu asiye wa nyumba hii akuombe umushonee yake. Akuombe yeye mwenyewe. Si we umuombe akuombe.»

«Na nikikosa?»

«Wazazi wakianza kuleta vitambaa vya uniforme, Kulthumu ndiye anakaa kwa hii kiti.»

Mutu wa akili angeshona gauni, akamaliza. Hamadi akafungua video. Akaona wazungu wamebeba sakado mugongoni, wanapanda mulima, wanalala inje, na kwao wako na nyumba! Bibi yangu alilala inje akikimbia vita, hakuna mutu aliyemufanyia video. Lakini Hamadi akatoka pale macho yanawaka: «Sha, shida ya hawa watu ni nguo ya kulala. Iwe na joto, iwe nyepesi, na ibadilike.»

Pale kwetu tuko na klabu ya kutembea. Mukubwa wake ni Vumilia, alikulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania, akarudi na Kiswahili cha redio na miguu ya chuma. Kila impeshi, wakati mvua imekatika na usiku ni baridi kama ndani ya frigo, tunabeba sakado tunaenda mbali. Safari hii ilikuwa Gitega mpaka Muyinga, tupitie Karuzi. Hamadi, mutu anayepanda moto, pikipiki nzima, kwenda kununua chumvi, akajiandikisha wa kwanza.

Akaenda sokoni kwa chaguwa, akachagua blanketi mbili laini za mutumba. Moja iko na simba. Ingine ni ya pinki, iko na tudubu tudogo twa bebe. Akashona pijama ya kipande kimoja, mikono inatoka na vifungo ukisikia joto, kofia inatoka pia, unaijaza nguo inakuwa muto. Nakubali, hiyo ya muto ilikuwa akili. Mbele akaweka zipu ya sakado ya shule, ile imeshazeeka. Na chini, miguu akaifunga kabisa, kama nguo ya mutoto wa kunyonya, akaijaza vipande vya blanketi vilivyobaki.

Ma Amisa akaigeuza, akaigeuza tena.

«Na miguu inatokea wapi?»

«Haitoki, shangazi! Ndio siri yake. Baridi inaingiaga kwa miguu.»

«Na alfajiri?»

«Alfajiri ntakuwa nimelala vizuri.»

«Hm,» akasema Ma Amisa. Mutu mwingine angesikia ile «hm» angechukua mukasi siku hiyo hiyo. Hamadi akachukua selfie.

Njiani, nasema ukweli, alilala. Sisi tulikuwa ndani ya darasa moja kule Karuzi, tunatetemeka juu ya simenti. Vumilia amejikunja ndani ya vitenge viwili, meno yanapiga ngoma. Hamadi anakoroma kama moulin ya kusaga mihogo. Asubuhi anazunguka na ule simba kifuani, anatuuliza mumoja mumoja, «Mulilalaje?», sauti ya mutu anayeuza.

«Hamadi,» Vumilia akamuambia, «wewe ni mtu mzima au ni zawadi ya mtoto?»

«Ukisikia baridi we sema tu, ntakushonea.»

«Afadhali nife na heshima yangu.»

Hakuna mutu aliyeomba. Unaona jamaa amevaa tudubu twa pinki mpaka kwa vidole, utaanzia wapi kuomba? Na kuhusu swala ya alfajiri, njiani alikuwa anaamka jua limeshatoka, anasema yeye ni musafiri. Safari inapunguza rakaa, bwana. Haikuambii ulale mpaka chai.

Tukafika Muyinga tumejaa vumbi mpaka kwa nyusi. Tukapokelewa na Farida, anauzaga vitambaa pale sokoni, anakaa na baba yake, Mzee Zakaria. Tukakula ndizi na maharagi, tukalala kwa salon, pale sebuleni. Na huyu mzee, kumbe, alfajiri anagonga kila mulango yeye mwenyewe. Vumilia na wenzake Wakristo akawaacha walale. Hamadi akamushika bega.

«Kijana. Udhu.»

Hamadi akatoka uani, simba mbele, macho nusu. Mikono akafungua vifungo, akanawa vizuri, ata akatuangalia kama anasema munaona? Akanawa uso. Akapaka kichwa. Mzee akainamisha birika.

«Leta muguu.»

Hamadi akaangalia chini. Yampayinka! Pale ndipo nilimuona akili inamufikia, pole pole, kama réseau ya simu kule milimani.

«Mzee, ntapangusa juu.»

«Juu ya nini?»

«Si watu wanapangusaga juu ya soksi za ngozi?»

«Hii ni ngozi?»

«Iko... nzito.»

«Na uliivaa ukiwa na udhu?»

«Aliivaa akiwa na maharagi!» Farida akapiga kelele kutoka jikoni.

«Basi vua,» mzee akasema.

Hamadi akavuta zipu. Zipu imekula blanketi, imekwama pale chini ya shingo. Akavuta mzee. Nikavuta mi. Farida akaleta sabuni, tukapaka, tukavuta tena. Hamadi akaruka ruka uani kama gunia lenye sungura ndani. Vumilia akaamka na zile kelele, akasimama mulangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Muadhini alikuwa ameshamaliza zamani, na upande wa mashariki mbingu imeanza kuwa nyeupe.

«Farida, mukasi,» mzee akasema. «Jua halitakungoja, kijana.»

«Usikate, mzee!» Na sauti ya Hamadi ikabadilika, ile ya audio ikaisha kabisa. «Hii ikiharibika, mashine ya baba yangu imeenda.»

Mzee hakuelewa mashine inatoka wapi. Vumilia, machozi ya kicheko bado kwa mashavu, akamuelezea: shangazi, kiti, ile sharti. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

«Baba yako alikuwa anaswali alfajiri?»

«Hakukosaga.»

«Basi mukasi ule pale. Kata we mwenyewe.»

Hamadi akakaa chini, akakata kwa vifundo vya miguu, muguu huu, kisha ule. Akanawa, akakimbia nyuma ya mzee kwenda musikiti, simba kifuani, tudubu twa pinki matakoni. Sitawaambia safu ya nyuma iliswali vipi. Allah anajua, na mabega yao yalikuwa yanatingishika.

Tuliporudi, Hamadi akajikunja kwa ngazi, hasemi. Hamadi hasemi! Vumilia ata akaanza kumuhurumia. Ile baridi ya Muyinga ya asubuhi, na miguu yenye maji, unaijua. Mzee Zakaria akapita uani, akaona vile viguu viwili vya blanketi vimelala pale chini. Akaviokota, akaingiza muguu mumoja. Akaingiza wa pili. Akafunga na kamba. Akakunywa chai yake yote, vidole vinacheza ndani.

«Kijana.»

«Ndio, mzee.»

«Hivi vimeshakuwa vyangu. Nishonee vingine vya muke wangu. Na vya kaka yangu, analinda pale sokoni. Chini uweke mpira wa tairi.»

Hamadi akasimama. «Na pijama, mzee? Naweza kuku...»

«Pijama upe mbuzi.»

Mzee hakuwahi kusikia habari ya mbuzi, wallah. Ilitoka tu.

Tukarudi Gitega na gari. Ma Amisa hakumuuliza Hamadi kitu, anamujua. Akamuita Vumilia.

«Aliomba mwenyewe?»

«Aliomba mwenyewe, mama. Tumeondoka bado amevivaa, alikataa kuvivua.»

Hamadi tayari ameweka statut: «Tangu mwanzo plan ilikuwa miguu.» Akafungua kinywa aelezee ile plan. Kulthumu akakohoa, akaangalia dirishani. Ma Amisa akainuka kwa kiti, akakipangusa na kitambaa, akakisukuma mbele ya Hamadi.

«Nilikuuliza miguu inatokea wapi,» akasema. «Kaa. Tia uzi. Na usinitumie audio.»