Soli ya Paskalina

Soli moja ndiyo iliyonitoa Babati. Paskalina wa Tlawi ana mguu mmoja mfupi, na viatu vyake vya harusi nilivitengeneza mwenyewe: soli nene iliyoungana na kisigino, ya kushoto ikiwa juu zaidi. Nilitumia kizibo, lile gome jepesi la mti wa Ulaya linalotengenezewa vizibo vya chupa, ambalo mimi hulibandua kwenye viatu vya mitumba. Bibi yake, kwa mapenzi tu, akaviweka viatu darini juu ya moto, panapotunzwa mbegu zisiliwe na panya. Soli ya kushoto ikakauka ikapukutika.

"Dada fundi," Paskalina alilia kwenye simu, "keshokutwa nichechemee mbele ya watu wote?"

Kizibo sikuwa nacho hata kipande, na mbao ingemlemea. Nikasikia Getanuwas kuna mti wa gome laini. Nikaondoka alfajiri.

Getanuwas nilifika kwa pikipiki kutoka Katesh, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyeji wangu, Mama Udameda, mfugaji, alinionyesha mti ambao gome lake linabonyea kwa kidole. Nikachomoa kisu.

"Rudisha," alisema. "Huu uko hai."

"Mama, ule wa Ulaya unachunwa ukiwa hai, na gome linaota tena."

Alicheka mpaka shanga zikalia. "Una bahati huo wa Ulaya! Huu wetu ukiuvua nguo unakufa. Chukua kwenye ule ulioanguka."

Nilichonga ule ulioanguka. Ukawa unga mkononi. Jamani! Nilitamani kukaa chini nilie.

Jioni, Tlawi, baridi ilinipokea kabla ya watu. Macho ya bibi yamefifia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mharibifu ndiye mimi." Hatua zikasikika uani, moja nzito, moja ya kuburuta. "Huyo Paskalina," bibi akasema, kabla mlango haujafunguliwa.

Kisha akanisogezea ungo. Alikuwa amepapasa sakafu nzima akaokota soli yote, hadi punje. Nikachukua ile soli ya kulia iliyobaki nzima, nikaitazama vizuri. Loo! Nayo ilikuwa chembechembe tupu zilizogandishwa. Miaka yote nakata kizibo, sijawahi kukiuliza kimeungwaje!

Tukazitwanga zile punje za ungoni, tukachanganya na gundi, tukashindilia ndani ya kikasha cha mbao chini ya jiwe la kusagia. Bibi akaona jiwe halitoshi, akalikalia mwenyewe. Asubuhi nikachonga.

Siku hizi vumbi la kizibo sifagii. Nalikusanya kwenye kopo na kuligandisha upya. Hilo ndilo nililojifunza njiani. Lakini nikikumbuka Tlawi, nakumbuka kanisani, nimekaa kando ya bibi. Hatua zilikuja kwenye sakafu ya saruji, zote mbili mlio mmoja, zikatupita.

Bibi akanishika mkono. "Nani huyo anayepita?"

"Ni Paskalina, bibi."