Gari la Kijani la Gotthilf Rempfer

Kwetu huku, kwenye vilima vya mizabibu nje ya Stuttgart, mtu ambaye hajakemewa ajihesabu amesifiwa. Gotthilf Rempfer alipaka rangi magari ya watu kwa miaka arobaini na sita, hakukemewa hata mara moja, akastaafu akijua kwamba yeye ni fundi hodari. Hakuna aliyemwambia. Hata mkewe Lore hakumwambia, na yeye Gotthilf kwa upande wake alikula dengu na tambi za Lore miaka arobaini na minne bila kutamka kwamba ni tamu. Alisogeza sahani aongezwe, mke akaelewa, maisha yakaenda.

Mwaka 1986 mtu huyu mtulivu alifanya wazimu mmoja. Alinunua gari la mbio, la mkono wa pili, lenye injini nyuma, kama yale yanayoundwa hapa jirani Zuffenhausen kwa ajili ya watu wenye fedha zao. Alidunduliza miaka kumi na moja. Rangi yake ilikuwa kijani, si kijani cha kistaarabu, bali kijani cha kasuku. Likiwa kijani aliliendesha siku moja tu. Siku ya pili jirani yake, Schlotterbeck, alitoa kichwa dirishani akamuuliza, "Vipi Rempfer, umerithi?"

Basi yakaisha. Kwetu mwenye nacho hukificha. Wapo wanaoagiza gari kubwa kutoka kiwandani na kuomba lisibandikwe ile nembo ya nyuma inayotaja ukubwa wa injini, jirani asije akajua. Gotthilf aliposikia swali la Schlotterbeck uso ulimwiva kwa aibu. Majira ya baridi yalipofika aling'oa nembo, akalipiga gari msasa mpaka bati likabaki tupu, akalipaka kijivu, kijivu cha mvua ya Novemba. Haijapata kutoka mikononi mwake kazi bora kuliko ile. Ungeweza kusimama mbele ya mlango wa gari ukanyoa ndevu. Schlotterbeck hakuuliza tena.

Miaka thelathini na mbili ikapita. Nyonga ya Lore ikaharibika, nao wanakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, ngazi ni hamsini na nne. Wiki yao ya kufagia ngazi ilipofika na ubao wa zamu ukatundikwa mlangoni kwao, Gotthilf alifagia alfajiri, kabla majirani hawajaamka, ili ionekane Lore bado anaweza. Kufika Septemba Lore alikuwa na wiki tano hajakanyaga barabara. Chini kabisa, fleti ya marehemu Bibi Knapp ilikuwa inauzwa. Mtoto wa marehemu, kwa heshima ya ujirani, aliwapa nafasi mpaka mwisho wa Oktoba. Akiba yao ilifika nusu. Benki ikatazama umri wa Gotthilf, miaka sabini na mmoja, ikatabasamu.

"Tutauza gari," alisema Gotthilf.

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari lake halikuwa na mkwaruzo hata wa ukucha. Kila vuli alilikagua kwa taa, na kila kijiwe kilipoidonoa rangi aliziba siku hiyohiyo.

Wa kwanza kuja alikuwa daktari wa meno kutoka Munich, kijana mwenye viatu bila soksi. Hakulitazama gari. Aliomba kitabu cha sevisi.

"Mbona mihuri inaishia themanini na sita?"

"Baada ya hapo nilifanya mwenyewe," alisema Gotthilf. "Oili, breki, kila kitu."

"Kwa hiyo halijafanyiwa sevisi."

"Nimekwambia nimefanya mwenyewe!"

"Nimekusikia, mzee. Lakini muhuri uko wapi?"

Gotthilf alimweleza kwamba alibadilisha oili mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. Daktari akamwambia, kwa upole kama anayeongea na mgonjwa, kwamba rafiki yake ameuza gari kama hili, kiti kimechanika, rangi imepauka kwa jua, boneti ina makovu, lakini kitabu kimejaa mihuri, na watu wamegombea. Kisha akaondoka. Gotthilf alibaki uani na kitambaa mkononi. Kiti kilichochanika? Alipanda ngazi hamsini na nne akijiuliza kama yule kijana alikuwa mzima.

Wa pili alikuwa Terhorst, mfanyabiashara wa magari ya aina hii kutoka Düsseldorf, mnene, mcheshi, mtu wa kandokando ya Rhine, na watu wa huko hawanyamazi hata wakitafuna. Alitoa kidude kidogo kama rimoti kinachopima unene wa rangi, akakigusisha mlangoni, kwenye boneti, paani, huku akiimba kidogo. Kidogo kidogo wimbo ukakatika.

"Bwana Rempfer, niambie kweli. Gari hili limepinduka mara ngapi?"

"Limefanya nini?"

"Kupinduka. Rangi si ya kiwandani, kila mahali, mpaka kwenye kingo za madirisha. Mtu hapaki gari zima bila sababu. Ama lilipinduka, ama ni magari mawili mmeyaunga."

"Halijagongwa hata na kuku!"

"Basi ulilipaka kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa kijani."

Terhorst akafungua kifuniko cha mbele na kuinama kwenye ile karatasi ya kiwandani yenye namba ya rangi. Gotthilf aliwahi kuifunika kwa plasta wakati wa kupaka, akaiacha ilivyo, maana ni karatasi ya kiwanda, si ya fundi kuichafua. Terhorst aliisoma mara mbili. Akanyamaza kabisa, na mtu wa Rhine akinyamaza ujue kuna msiba.

"Mzee wangu," alisema hatimaye, "unajua kijani hiki kinavyotafutwa? Nina mteja Hamburg ananipigia simu kila Jumatatu, anakiulizia kama mtu anayeulizia mkewe hospitali. Na nembo ya nyuma?"

"Niliing'oa."

"Kwa nini, jamani?"

"Majirani."

Terhorst akashika paji la uso. "Haya. Basi nionyeshe mahali kijani kilipobaki. Chini ya zulia, nyuma ya taa, popote."

"Hakijabaki popote," alisema Gotthilf, na sasa alikuwa ameanza kukasirika. "Fundi wa kweli hapaki rangi juu ya rangi. Niliondoa yote mpaka bati likang'aa."

"Ndiyo balaa lenyewe! Umefanya kazi nzuri mno. Ungekuwa fundi mbovu, leo ungekuwa tajiri."

Maneno hayo Gotthilf aliyageuza kichwani huku na huku, hayakukaa. Wahenga wa Waswahili wangemjibu kwa neno moja, kwamba mwacha asili ni mtumwa, lakini Gotthilf hakuwa na mhenga wa karibu. Terhorst akataja bei. Ilikuwa nusu ya pengo lililobaki kwenye bei ya fleti ya Bibi Knapp. "Bila ushahidi kwamba bodi hii ni nzima na ni ileile, siwezi kuongeza," alisema. "Nisamehe."

Hati za gari zilikuwa juu, na Terhorst alitaka kuziona kabla hajaondoka. Alifika ghorofa ya tatu anahema. Lore alikuwa mezani na fimbo yake, akamwekea kahawa na mkate wa chumvi uliopakwa siagi, akamwacha apumue.

"Ushahidi gani unaoutaka?" aliuliza. Madirisha yalikuwa wazi na Terhorst haongei kwa kunong'ona, kwa hiyo Lore alikuwa amesikia yote.

"Picha, Bibi Rempfer. Za bati likiwa tupu, kabla ya rangi. Lakini nani hupiga picha bati?"

Lore akanyanyuka. Alikwenda polepole mpaka kabatini, akatoa kopo la biskuti za Krismasi, akalifungua mezani. Ndani kulikuwa na picha thelathini na sita. Mlango ukiwa tupu. Paa likiwa tupu. Madigadi moja moja, mshono kwa mshono, na kila mahali, pembeni, mgongo wa mtu aliyevaa ovaroli.

Gotthilf alizitazama kama amekuta nyumba yake kwenye gazeti. "Umezipiga lini hizi?"

"Nilipokuwa nakuletea chakula karakana. Ulikuwa umegeuka, wewe daima umegeuka."

"Za nini?"

"Kazi ilikuwa nzuri," alisema Lore.

Gotthilf akamgeukia Terhorst, kuhakikisha kama na yeye amesikia. Terhorst hakuwa na habari. Alikuwa anazipanga picha mezani, na alipoifikia ya mwisho alipiga kelele. "Hii hapa! Hii ndiyo yenyewe! Kijani, namba ya gari, nembo nyuma, barabarani kabisa! Bwana Rempfer, kwa picha hizi zote pamoja na hii, bei inageuka." Akataja bei mpya. Fleti ya Bibi Knapp ilikuwa ndani yake, na chenji ya kuhamia.

Mkono wa Lore ukafika mezani kabla ya wa Terhorst. Akaichukua ile picha, akaiweka mapajani.

"Hii haiendi. Zile nyingine chukua."

"Bibi yangu, hiyo ndiyo inayobeba nyingine zote!"

"Tengeneza nakala."

"Nakala! Siku hizi mtoto wa shule anatengeneza nakala ya chochote kwenye kompyuta. Wateja wangu wanataka asilia."

"Lore," alisema Gotthilf, na alijaribu kuongea taratibu kwa sababu alihisi sakafu inahama, "ni karatasi. Wiki tano hujatoka nje. Ngazi hamsini na nne kwa karatasi moja?"

"Ngazi nazijua, nazipanda mimi."

"Basi mpe!"

"Humu umecheka."

"Nini?"

"Umecheka, Gotthilf. Mpaka meno. Miaka arobaini na minne nina picha moja tu ya mume wangu anacheka, na wewe unataka nikaiuze Hamburg?"

Gotthilf alimpokonya picha aone mwenyewe. Ndani ya gari la kijani cha kasuku alikaa kijana mwenye nywele nyingi, mdomo wazi, anacheka kama hana jirani duniani. Gotthilf hakumkumbuka. Alimtazama muda mrefu, na kichwa kikazidi kumvurugika. Daktari alitaka mihuri. Terhorst alitaka kijani alichokiondoa mwenyewe kwa mikono yake. Na mke wake, ambaye alidhani anamfahamu, alikuwa akitunza meno yake kwenye kopo la biskuti. Kila mtu alitaka kitu ambacho yeye hakujua kama anacho, na kile alichokitunza kwa taa kila vuli hakuna aliyekitaka. Alisikia uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na kitu kingine alichoshindwa kukipa jina.

"Bwana Terhorst," alisema, "mteja wangu mimi ni huyu. Na yeye pia anataka asilia."

Terhorst akapumua kwa nguvu. "Basi lazima nishushe bei."

"Ngoja. Huyo mtu wa Hamburg atalirudisha kwenye kijani?"

"Bila shaka. Rangi ya kwanza imeshakwenda, lakini angalau irudi rangi yake. Karakana zetu zitamla pesa mpaka aombe maji."

"Nitalipaka mimi. Bure. Utachukua nakala ya picha hii, utachukua asilia za zile nyingine, na utatoa bei ileile."

Terhorst alimtazama yule mzee, akaukumbuka ule mlango uani uliomrudishia sura yake nzima. "Kwa mkono uleule?"

"Sina mwingine."

Wakapeana mikono, na Terhorst akalipa kabla rangi haijaguswa. Fleti ikanunuliwa siku nne kabla ya Oktoba kuisha.

Gotthilf alikodi pembe ya karakana yake ya zamani na kwa wiki sita akakiondoa kile kijivu kwa msasa. Iliuma, nisidanganye. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake, na ilikuwa inadondoka sakafuni kama unga. Mara mbili alisimama akafuta macho na kulaumu vumbi, ingawa alikuwa amevaa miwani ya kazi. Halafu akachanganya kijani. Alikikosea mara tatu, kila mara kikawa cha kistaarabu, mpaka akaenda nyumbani, akaomba aonyeshwe picha, akarudi kukiongezea manjano.

Siku ya kulikabidhi alilileta uani, nembo imerudi nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuliegesha ukutani kulificha. Schlotterbeck, ambaye sasa ana miaka themanini na sita na hasikii sikio moja, alitoa kichwa kwenye dirisha lilelile.

"Vipi Rempfer, umerithi?"

Gotthilf alisubiri ile aibu imfike. Haikuja, na hilo nalo lilimshangaza. "Hapana," alijibu kwa sauti ya mtaa mzima kusikia. "Lilikuwa langu siku zote!"

Mlango wa fleti ya chini ukafunguka na Lore akatoka, peke yake, bila hata ngazi moja, fimbo mkono huu na kamera yake ya zamani mkono ule. Alilizunguka gari zima, akapitisha kidole mlangoni.

"Sina la kukemea," alisema. Akafikiri kidogo. "Ni zuri. Kaa ndani."

"Terhorst atafika sasa hivi."

"Kaa ndani, nimesema."

Akaketi. "Picha za nini tena, Lore, unajua bei ya filamu siku hizi?" alinung'unika, lakini meno yalikuwa nje yote, na Lore alikwisha kubonyeza.