Nilimpigia Kura Aliyemrudisha Binti Yangu

Nimekosa, ndugu zangu. Sina wa kumsingizia, maana hakuna aliyenishika mkono nikipiga kura.

Mimi ni mama, naishi Nyamwaga. Kwenye uchaguzi wa diwani tulikuwa na wagombea wawili. Mmoja mwanamke, wa chama cha wapinzani wetu. Alisimama mkutanoni akasema wazi: msichana akikimbia kukeketwa, aje kwangu. Alizomewa, hata na watu wa chama chake! Wa pili alikuwa mwanaume wa chama changu na wa ukoo wetu. Ukimuuliza habari ya ukeketaji anacheka tu, anasema mila tuwaachie wazee.

Binti yangu akaniambia, "Mama, mpe yule mama. Desemba ni zamu yetu ya kukeketwa."

"Wewe nyamaza," nikamjibu. "Mgombea wetu ni mtu mwema. Na mimi nipo, nitakulinda."

Uongo mtupu! Mimi mwenyewe nilikeketwa, najua maumivu yake. Bado nilizunguka na khanga ya chama nikiwabembeleza kinamama wenzangu wampe yule mwanaume. Tukashinda. Tulicheza mpaka vumbi likapanda.

Desemba ikafika. Mashangazi wakaanza kumwita msagane, jina la kumdharau msichana ambaye hajakeketwa. Baba yake akakubali akeketwe. Mimi nikakaa kimya, naogopa kuitwa mke mkaidi.

Mtoto akatoroka. Akakimbilia kwa diwani, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni mtu mwema! Diwani akampakia kwenye pikipiki, akamrudisha mwenyewe hadi uani kwetu.

"Shikamoo mzee," akamwamkia baba mkwe wangu. "Mtoto wenu huyu hapa. Mimi sitaki kugombana na wazee, ndio walionipa kura."

Yaliyofuata siwezi kuyaandika. Mwanangu alitoka damu nyingi, nikadhani nampoteza. Alipopata nguvu akaondoka bila kuniaga. Sasa anaishi kwenye nyumba salama ya wasichana waliokimbia ukeketaji, huko Mugumu. Nikienda kumwona ananiamkia kwa heshima, halafu anatazama pembeni.

Safari iliyopita nililia, nikamwomba msamaha. Akasema, "Mama, zaidi ya kura ile sikukuomba kitu kingine."

Jamani, wazazi wenzangu! Mtoto anayekimbia haulizi mlango ni wa chama gani. Mgombea muulizeni mbele za watu: binti akija kwako usiku, utamfungulia? Akizungusha maneno, mnyimeni kura, hata kama mmezaliwa naye tumbo moja. Mimi nilimnyima mwanangu.