Yatima Aliyejaza Ofisi

Jumatano nilikuwa kwenye foleni katika ofisi ya chifu, Makongeni, msichana mmoja alipokuja kuomba kitambulisho. Karani hakuinua hata kichwa.

"Kuja na mamako."

"Mama alikufa nikiwa darasa la pili."

"Basi kuja na mzazi mwingine. Sitaki jirani."

Baada ya nusu saa msichana alirudi na wanawake saba, leso viunoni, vidole vya kijani kwa kukata sukumawiki. Walikuwa wakiuza mboga pamoja na marehemu mamake.

"Mamake ni nani hapa?"

"Ni mimi," wakajibu wote.

"Mimi ndiye huitwa shuleni akipigana," mmoja akaongeza.

"Mama, fomu ina nafasi ya mtu mmoja!"

Mkubwa wao alisogea mezani. Alichovya kidole kwenye wino, akabonyeza kwenye fomu. Wenzake wakafuata mpaka fomu ikajaa alama pembeni kote. Karani aliitazama, akawatazama, akagonga muhuri. Vigelegele vikapigwa mle mle ndani.

Husemwa yatima hana watu. Siku hiyo yatima alijaza ofisi, nasi wenye mama zetu nyumbani tukasukumwa hadi nje.